Vidonge vya Kibakuli Kimoja

Kila asubuhi Safina alivuka uchochoro na kichupa cha dawa amekibana kwapani, kama mtu aliyeiba yai la kuku wa jirani. Hakuwa anaficha kitu. Vidole vyake ndivyo vilivyokuwa haviwezi kukishika. Akifika mlangoni kwa Hamisa hakubisha kwa mkono, alibisha kwa kisigino.

"Hodi ya punda hiyo," Hamisa alisema kutoka ndani.

"Fungua, mwali mwenzangu. Punda ana kiu."

Hamisa alifungua mlango, kisha akafungua kichupa. Mfuniko wake ulikuwa wa kukandamiza kwanza ndipo uuzungushe, umetengenezwa hivyo ili watoto wasiuweze. Nesi Upendo, pale kliniki ya Shangani mjini Mtwara, alikuwa na kawaida ya kuwalegezea wagonjwa mifuniko kabla hawajaondoka, bila kuambiwa na mtu. Lakini nyumbani kwa Safina kulikuwa na wajukuu wanaotambaa na kutia kila kitu mdomoni, ikabidi mkwewe aukaze. Basi Hamisa akawa mfunguzi wa vichupa vyote viwili, chake na cha mwenzake. Wakameza pamoja, maji ya kikombe kimoja, ndipo wakanywa chai.

Wote wawili waliugua baridi yabisi. Si yale maumivu ya magoti yanayomjia kila mzee mvua ikikaribia. Daktari wao, Dokta Anold, aliwaeleza kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na magonjwa, kwao imekosea njia na inapigana na viungo vyao wenyewe. Hamisa alilifikiria jambo hilo siku nyingi. Mlinzi wa nyumba amegeuka anampiga mwenye nyumba, unamwambiaje aache?

Dokta Anold alikuwa mtu wa kutoka mikoa ya bara, kijana kiasi, mpole. Akitaka kukuminya vifundo alianza kwa kusugua viganja vyake vipate joto. Ndiye aliyewaingiza kwenye utafiti wa dawa mpya. Aliwaketisha, akawaeleza taratibu, na akarudia.

"Dawa yenu ya zamani mtaendelea nayo. Juu yake, nusu ya wagonjwa watapata dawa mpya. Nusu watapata vidonge vinavyofanana nayo kabisa, lakini ndani hamna dawa. Mimi sijui nani anapata kipi. Nesi hajui. Kompyuta tu ndiyo inayojua."

"Si tuiulize hiyo kompyuta?" Safina alisema.

Dokta akacheka. "Ikisema, bibi, utafiti umekufa. Tutaanza kuona tunachotaka kuona. Vumilieni mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, kila aliyemaliza atapewa dawa yenyewe, hata yule aliyekuwa anameza kitupu. Ila msimgawie mtu vidonge hivi. Mmenisikia, mama zangu?"

Walimsikia. Hamisa hasa alisikia vizuri, akaenda kuwaonya watu wa nyumbani kwake wasiguse kichupa chake.

Miezi ya kwanza ilipita. Kidogo kidogo, vidole vya Hamisa vikaanza kulegea. Asubuhi moja alijikuta amesuka ukili wa mkeka urefu wa mkono mzima kabla hajakumbuka kwamba ile ni kazi aliyokwisha kuiaga. Akautazama ule ukili mapajani mwake na machozi yakamtoka. Alitaka kukimbia kwenda kumwonyesha Safina. Akainuka, akafika mlangoni, akarudi akaketi.

Maana Safina hakuwa anapata nafuu. Vifundo vya mikono yake vilikuwa vimeumuka kama maandazi, vyekundu, vya moto. Mwenyewe alifanya mzaha.

"Hebu nione hivyo vidole," alimwambia Hamisa. "Mh! Vya mwali huyu. Nikutafutie mchumba?"

"Nyamaza wewe."

"Yule muuza ngisi ni mjane. Meno hana, lakini ngisi anazo."

Wakacheka. Lakini siku hiyo kulikuwa na ming'oko, vile viazi vya porini ambavyo watu wa Mtwara hawavipiti barabarani bila kununua. Mng'oko haumenyeki kwa kisu. Unaubana kwa vidole, unalivua ganda lake jembamba, unatia mdomoni. Safina alichukua mmoja, akaubinya kwa viganja viwili, ukamponyoka ukaanguka chini. Akauchukua tena. Ukaanguka tena.

"Nimeshiba," alisema. "Asubuhi nilikula sana."

Hamisa alijua hajala. Alimmenyea mmoja, akampa, Safina akaupokea kwa midomo huku anatazama pembeni.

Hawa wawili walikuwa wamechezwa unyago pamoja, upande wa Msimbati, wangali mabinti wembamba. Kungwi wao alikuwa mwanamke mkali. Aliwalisha kwenye ungo mmoja muda wote waliokuwa ndani, na yeyote aliyetia tonge mdomoni kabla hajaona mwenzake amepata, alinyang'anywa ungo wakalala njaa wote. Hawakuwahi kuisahau njaa ile. Wameolewa, wamezaa, wamezika waume, wamehamia mjini nyumba zikitazamana, na mpaka leo hii mmoja akipata samaki, anamkata kwanza ndipo anamkaanga.

Sasa Hamisa amepata, na mwenzake hajapata. Aliliona jambo hilo wazi kama jua. Kompyuta ilikuwa imempa yeye dawa, na kumpa Safina kitupu.

Asubuhi iliyofuata alipofungua vichupa, hakutoa kidonge kimoja kimoja. Alichukua kibakuli cha udongo, akamimina chake chote, akamimina cha Safina juu yake, akavuruga kwa kidole. Vidonge vilikuwa vyeupe, sawasawa, kama punje za mchele wa gunia moja.

Safina alikitazama kile kibakuli. "Dokta alisema tusimgawie mtu."

"Mtu gani? Alisema hivyo kwa ajili ya wajukuu, na majirani wasioumwa. Wewe uko kwenye utafiti huu huu, una kichupa kama changu. Tutagawana nusu kwa nusu. Wewe utapata kidogo, mimi nitapungukiwa kidogo, na tutafika mwisho wa mwaka sote tuna mikono."

"Na wewe ukirudi kuumwa?"

"Nitaumwa nusu."

Safina akasema, kwa sauti ambayo Hamisa hakuwahi kuisikia kwake tangu msiba wa mumewe, "Mungu akulipe, Hamisa. Mimi nisingeomba."

Wakavigawa, wakavirudisha vichupani. Kliniki walipohesabu vilivyobaki vilitimia, na kila walipopewa vichupa vipya, kibakuli kilifanya kazi yake.

Na tazama, ikawa kama Hamisa alivyosema. Wiki chache za mwanzo Safina alipata nafuu kidogo. Alibisha hodi kwa mkono. Siku moja alijifunga kanga mwenyewe, akaja kuonyesha fundo, akageuka nyuma na mbele kama bibi harusi. Hamisa alimshukuru Mungu, na kimoyomoyo akamshukuru na kungwi.

Kisha nafuu ikasimama. Kisha ikarudi nyuma. Maumivu yakampanda Safina kutoka vifundoni hadi viwiko, hadi mabegani, yakashuka magotini. Hamisa alimkanda kwa maji ya moto, akamkanda kwa mafuta, akamsomea dua. Alitaka kumwongezea sehemu ya vidonge vyake, lakini hakujua tena kipi ni kipi. Asubuhi moja kisigino hakikubisha mlangoni. Hamisa alivuka uchochoro akamkuta Safina amelala vile vile alivyolazwa jana yake, macho yako wazi, hawezi hata kujigeuza amfukuze nzi.

Muzamil, mwanawe Safina mwenye bajaji, alimbeba mama yake mikononi. Alikuwa ametandika godoro la mtoto kwenye kiti cha nyuma, na njia nzima aliendesha polepole kama aliyepakia mayai, bodaboda zikimpigia honi na yeye hajali. Hamisa alikaa nyuma amekipakata kichwa cha mwenzake. Kila tuta, Safina aliuma kanga.

Dokta Anold alisugua viganja vyake, akamgusa, akakunja uso. Akauliza anakula nini, amepata homa, anameza dawa kila siku?

"Kila siku," Safina alisema. "Bila kukosa. Zangu na za Hamisa."

"Za Hamisa vipi?"

"Tunachanganya, baba. Yeye alipata dawa, mimi nikapata kitupu, akanihurumia. Tunagawana." Alisema hivyo kwa fahari, jinsi mtu anavyosifia ndugu yake mbele ya mgeni.

Dokta aliweka kalamu mezani. Nesi Upendo, aliyekuwa anatafuta mshipa wa damu, alisimamisha mkono. Hamisa alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, na ingawa hakuna aliyemkaripia, alijua amekosea.

Waliambiwa wasubiri. Dokta alipiga simu nje, ukumbini, akaenda na kurudi, akapiga nyingine. Nesi Upendo alileta chai, akamnywesha Safina kwa kijiko, akipuliza kila kijiko. Safina akapewa sindano ya kupunguza maumivu, akasinzia.

Dokta Anold aliporudi hakukaa kwenye kiti chake. Alichuchumaa mbele ya Hamisa kama mtoto anayesalimia.

"Bibi Hamisa. Wakuu wa utafiti wamesema nyote wawili lazima mtoke. Si adhabu. Hatuwezi tena kujua nani kameza nini. Na kwa usalama wenu wameruhusu tuulize kompyuta, tujue mna nini mwilini."

"Ikasema?"

Dokta alisugua viganja vyake.

"Dawa ilikuwa ya Safina."

Hamisa hakuelewa. "Si mimi niliyepona?"

"Ugonjwa huu, bibi, hupwa na kujaa. Wakati mwingine hupwa wenyewe tu, na hatujui kwa nini. Kwako ulikuwa umepwa. Dawa ya zamani nayo inasaidia. Lakini vidonge vyako vilikuwa vitupu. Vya Safina ndivyo vilivyokuwa dawa. Kwa watu wengine inachukua muda kuanza kufanya kazi. Nadhani... nadhani ilikuwa ndiyo inaanza."

Hamisa aliikumbuka ile kanga. Fundo lile, kugeuka nyuma na mbele.

"Mimi nimemla nusu," alisema.

"Hapana, bibi. Usiseme hivyo."

"Basi mrudishie. Mimi nitoe, nifukuze, nisionekane tena hapa. Yeye hakufanya kitu. Kibakuli ni changu, mkono ni wangu. Mwandikie huyo mkuu wako, mwambie mwanamke mmoja mjinga alikosea. Mrudishie dawa yake, baba."

"Nimeomba hivyo hivyo. Nimeomba mara zote nilizoweza."

"Inauzwa wapi? Muzamil ana bajaji, atauza bajaji."

"Haiuzwi, bibi. Si hapa wala Dar es Salaam. Bado inajaribiwa." Macho yake yalikuwa mekundu. "Tutamrudisha kwenye dawa ya zamani, tumwongezee kiasi. Tutamtunza. Ningekuwa nayo kabatini ningempa leo."

Hamisa aliamini kwamba angempa. Ndilo lililomvunja zaidi. Hakuwepo mtu mbaya pale wa kumlilia wala wa kumlaani. Dokta alikuwa mwema, nesi mwema, na yeye mwenyewe, kile alichokifanya, alikifanya kwa wema wote aliokuwa nao. Alikaa na mikono yake iliyonyooka juu ya mapaja, akatamani ijikunje pale pale.

Safina alipozinduka, dokta alimweleza yote, taratibu, kama alivyofanya siku ya kwanza. Hamisa alisimama karibu na dirisha. Alimsikia Safina akiuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo mwaka ukiisha hatupati?"

"Hampati, mama. Nisamehe."

Safina akafumba macho. Muzamil akawarudisha nyumbani.

Siku tatu Hamisa alivuka uchochoro kwenda kumwogesha, kumgeuza, kumchana nywele. Safina aliitikia salamu na kunyamaza. Siku ya nne Hamisa alikuja na ming'oko ya moto kwenye sahani. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kumenya. Vidole vyake vilifanya kazi vizuri siku hiyo, vyepesi, bila maumivu hata kidogo, na aliona haya kuviona vikienda vile.

Alipeleka mng'oko mmoja mdomoni kwa Safina. Safina hakufungua mdomo.

"Safina, mwenzangu. Ukitaka nisije tena, niambie."

"Wewe umekula?"

"Mimi?"

"Nakuuliza. Umekula?"

"Bado."

Safina alijaribu kuinua mkono kutoka kwenye shuka. Ulipanda kidogo, ukatetemeka, ukaanguka. Akautazama kama kitu cha mtu mwingine.

"Basi ukate," alisema. "Unataka kutulaza njaa?"

Hamisa akaukata mng'oko ule vipande viwili. Akamtia Safina kimoja mdomoni. Kingine alikishika mkononi kwa muda mrefu mpaka kikapoa, Safina akimtazama, akimngoja, hatafuni, hadi Hamisa naye akakitia mdomoni, akajaribu kukimeza.