Upande wa Chiriku

Kaka yangu, kinyozi mwenye saluni yake mwenyewe, alipanda juu ya kiti cha kunyolea ili abadilishe balbu. Kile kiti kinachozunguka. Mtu anayekijua kiti hicho kuliko anavyotujua sisi ndugu zake! Kikazunguka, akaenda chini, kichwa kikatangulia. Upasuaji ulikwenda salama, tukamshukuru Mungu, lakini alipozinduka tulikuta upande mzima wa kushoto wa dunia yake umefutika.

"Macho yake ni mazima," alitueleza mtaalamu wa mazoezi, dada mmoja mpole lakini hana mchezo. "Ni ubongo ndio umeacha kuushughulikia upande huo. Asipojifunza kugeuka, hataweza hata kuvuka barabara, sembuse kushika mkasi."

Basi vituko vikaanza. Anakula nusu ya kulia ya sahani, kisha analalamika kwamba hospitali hii ina choyo. Wifi yangu anamzungushia sahani, naye anashangaa tumepata wapi nyongeza. Siku moja alijinyoa shavu moja, akajitazama kiooni, akaridhika kabisa. Nilicheka mpaka nikatoka nje ya wodi, na huko nje nikalia.

Maana kilichoniuma hasa ni adabu yake. Tangu utotoni kaka ananiita Chiriku, eti mdomo wangu haupumziki, na hajawahi kunishukuru kwa lolote bila kunisimanga kwanza. Sasa nikimpa maji ananiambia, "Asante sana, dada," kwa sauti ile ile anayomwambia mhudumu wa chakula. Wenzangu mle wodini waliomba wagonjwa wao watembee. Mimi nilikuwa naomba wangu anitukane.

Mtaalamu alitaka tukae kushoto kwake na tuongee kutoka huko, ili alazimike kututafuta. Nani akubali? Kila jamaa aliyekuja alikwenda moja kwa moja kulia, kwenye tabasamu, hata wifi. Siwalaumu, walikuwa na hamu naye. Nikabeba kiti changu, nikahamia kushoto peke yangu, kati ya kitanda chake na cha mzee mmoja aliyevunjika mguu. Nikamsema kaka, nikamchokoza, nikamzushia mambo.

"Mbona namsikia dada lakini simwoni?" akamuuliza mkewe, kisha akachungulia nyuma ya mgongo wa wifi kunitafuta.

Nikaenda nyumbani na hasira zangu. Kesho yake nikarudi na mashine yake ya kunyolea. Mzee wa mguu alikuwa akilalamikia ndevu zake kila siku, nikamwambia leo ananyolewa. Akaniuliza kama nina ujuzi. Nikamjibu kwamba kazi hii iko kwenye damu yetu, nikawasha mashine haraka kabla hajauliza zaidi.

Mlio ule kaka anaujua. Kwanza alitazama kulia. Kisha darini.

"Tulia, mzee wangu," nikapaza sauti. "Huyu kaka yangu unayemwona, ni mimi niliyemfundisha kunyoa!"

Wifi akaziba mdomo kwa kiganja. Shingo ya kaka ikaanza kugeuka, ikasita, ikarudi. Mkono wangu ukaendelea kunyoa bila mwenyewe kuangalia unanyoa wapi. Shingo ikaanza tena. Ikapita katikati, ikaendelea kuja, polepole, mpaka macho yake yakaufikia mkono wangu, kisha kidevu cha mzee wa watu.

"Unashika mashine kama mwiko," akasema. "Mwache mzee wa watu, Chiriku! Utamng'oa kidevu."

Nilikuwa na majibu yangu tayari, nimeyaandaa tangu alipolazwa. Hakuna hata moja lililotoka. Nilisimama tu, machozi yananitiririka, mashine inanguruma hewani.

"Na mbona umenyamaza?" akauliza, bado ananitazama. "Unaumwa?"

"Jamani, kama mmeshamalizana," mzee akasema, akitugeukia na kujipapasa shavu, "mimi huku bado nina ndevu upande mmoja."

"Wa kushoto," kaka akasema. "Nauona."