Nyumba Isiyo na Mabati

Mwanamisi alikuwa na bei ya nyumba ya Papa Casimir, lakini pesa ya kutosha ya kulipia karatasi za umiliki hakuwa nayo. Kwenye biro ya ardhi walimwambia bei ya karatasi za nyumba inapita ile ya parseli tupu, kiwanja kisicho na nyumba, mara tatu. Na vita hivi, mutoto mgongoni, angelala wapi?

Jirani yake, Mama Angélique, muuza ndagala, wale samaki wadogo, akamsindikiza kwa karani wa biro, akamuuliza:

“Papa, nyumba isiyo na mabati, ni nyumba hiyo?”

“Mabati yako wapi?”

“Waulize wenye bunduki walioyabeba!”

Karani akacheka, akaenda kujionea kuta za udongo zilizoliwa na mvua. Akaandika: parseli, na pesa ya Mwanamisi ikatosha kulipa yote.

Mwanamisi alimtazama jirani yake kwa heshima. Jioni akatandika mkeka kati ya kuta zile, mbingu wazi juu yake, na hakuna wa kumfukuza.