Kadi Mbili za Mtoto Mmoja

Watu walimwita Daktari Pole, kwa sababu kila mgonjwa alipokelewa na neno hilo kabla hata hajaketi. Kliniki yake ilikuwa na vyumba vitatu na baraza lenye mabenchi mawili, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa na nesi mmoja tu, mwanamke mjane aliyeitwa na wote Sista. Katika miaka miwili ya mwisho, Sista ndiye aliyekuwa daktari. Hakuna aliyelijua hilo ila yeye mwenyewe.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Daktari, ambaye sasa alikuwa mzee, alisahau miwani, akasahau majina ya dawa, kisha siku moja akamuuliza mgonjwa yuleyule mara tatu kikohozi kilianza lini. Sista akajifunza kusimama nyuma ya kiti chake. Mzee akikwama, yeye anadakia, "Daktari, si tumpe ile ya wiki iliyopita?" Mzee anaitikia kwa kichwa, Sista anaandika, mzee anatia sahihi. Mara moja alimkuta ameshika chupa ya spiriti, anataka kummiminia mtoto kwenye kijiko cha dawa ya kikohozi. Tangu siku hiyo dawa zote kali, pamoja na zile za dharura, alizifungia kabatini na ufunguo akautia kwenye mkoba wake.

Jumatatu moja asubuhi akaja mkaguzi kupima ubora wa huduma. Alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye viatu vya kutembelea na fomu za kurasa kumi na nne. Alihesabu sindano, akasoma tarehe kwenye maboksi ya dawa, akanusa choo, akachungulia ndani ya friji ya chanjo. Kila alipogusa alikuta pasafi. Akatoka barazani kuzungumza na wagonjwa.

"Mimi nina kisukari, presha na mke mkali," mzee mmoja alimwambia. "Daktari ananisikiliza kwa vyote vitatu."

Wengine wakacheka, wakadakizana kumsifu. Kwamba hana haraka. Kwamba hafoki. Kwamba ukitoka mle chumbani, hata kabla ya kumeza kidonge, unajiona umepona nusu. Sista alikuwa dirishani akikunja bandeji, akasikia sauti aliyoitambua mara moja.

Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, mwanamke aliyekuja kwa ajili ya mgongo.

"Mwanangu wa pekee alifia humu ndani," fundi alisema. "Msichana, miaka sita. Homa ilimpanda kichwani. Lakini daktari alilia pamoja nami, mama. Alikaa chini sakafuni akalia. We umeshamwona wapi daktari wa hivyo? Na Sista alikuja msibani, akakaa nami siku tatu, ananiogesha kama mtoto. Andika hivyo. Andika hapa tunatunzwa."

Mkaguzi akaandika.

Miezi minane ilikuwa imepita tangu siku hiyo. Sista alikuwa amesafiri kwenda kumzika dada yake, na alimwachia mzee onyo moja: asifungue kliniki mpaka arudi. Mzee akasahau, akafungua. Fundi akamleta binti yake ana mafindofindo na homa. Kwenye kadi ya mtoto, kwa wino mwekundu na kwa mwandiko wa Sista mwenyewe, palikuwa pameandikwa kwamba penisilini inamdhuru, asipewe kamwe. Mzee akamchoma penisilini. Dakika chache baadaye mtoto alivimba midomo, akaanza kukoroma, pumzi ikakatika. Dawa ambayo ingemwokoa ilikuwamo kabatini, hatua tatu tu kutoka kitandani. Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba, mkoba uko makaburini.

Sista aliporudi jioni alikuta kadi mezani, na chini ya ule wino mwekundu pameandikwa sindano aliyopewa mtoto, kwa mwandiko unaotetemeka. Mzee alikuwa ameshasahau. Alijua tu kuwa kuna jambo limemliza. Sista alifunga mlango, akachukua kadi mpya, akanakili kila kitu tangu mtoto alipozaliwa, kliniki kwa kliniki, uzito kwa uzito. Wino mwekundu hakuunakili, wala sindano. Mwishoni akaandika: homa kali, degedege. Kisha akaenda msibani.

Siku ya pili ya ukaguzi mkaguzi aliomba kukaa chumbani daktari anapotibu. Akaingia mchukuzi mmoja mwenye kidonda mguuni.

"Pole, pole sana," mzee alisema. "Umeumia lini?"

"Alhamisi, daktari."

Mzee akaushika mguu kwa upole, akaugeuza huku na huku. "Pole. Umeumia lini?"

"Alhamisi amesema," Sista alidakia. "Daktari, kama kawaida, tusafishe kisha tumpe na ya pepopunda."

Mkaguzi aliinua macho kutoka kwenye fomu. "Sista, naomba uniletee daftari la chanjo."

"Lipo hapo juu ya—"

"Lile la mwaka jana."

Sista alitoka. Hakuwa na la kufanya. Aliporudi, mchukuzi alikuwa amekaa wima, macho yamemtoka, na mzee anamsikiliza mapigo ya moyo, masikio ya kipimo yakining'inia shingoni, hayajaingia masikioni. Mkaguzi alikuwa ameiweka kalamu chini.

Saa sita walikaa wawili katika chumba cha dawa. Mkaguzi alizungumza taratibu, kama mtu anayeongea na mama yake mdogo.

"Yuko hivi tangu lini?"

"Amechoka tu. Wiki hii wagonjwa wamekuwa wengi."

"Sista. Baba yangu alianza hivyohivyo."

Sista akageuza chupa moja rafuni, lebo itazame mbele.

"Nikuambie nitakachoandika," mkaguzi aliendelea. "Nimepitia kadi mia mbili na kumi. Ni safi kuliko nilizoziona popote. Kwa kadi hizi, hakuna mtu aliyeumia. Nitaandika kwamba daktari ni mtu mzima, apumzishwe kwa heshima, na kliniki itafutiwe daktari mwingine. Wewe utabaki na kazi yako. Unaonaje?"

Mlango huo ulikuwa wazi kabisa, ilikuwa ni kupita tu. Sista aliona namna mambo yatakavyokuwa: hotuba fupi, watu wakimshika mzee mkono, fundi cherehani akifuta machozi mstari wa mbele na kuwashukuru wote wawili. Hapo ndipo aliposhindwa kupita.

"Yupo aliyeumia," alisema.

Akasimama, akavuta droo ya chini, akatoa boksi la glavu lililokuwa tupu isipokuwa kadi moja ya zamani. Akaiweka mezani karibu na ile mpya. Mkaguzi alisoma ya kwanza, akasoma ya pili, akairudia ya kwanza. Alipomaliza uso wake ulikuwa mwingine.

"Kwa nini hukuichoma?" aliuliza.

"Sijui, mwanangu. Kila siku nilisema nitaichoma kesho."

"Ungesema tangu alipoanza kusahau, mtoto huyu angekuwa shule saa hizi."

"Najua."

"Siwezi kukusaidia tena. Unaelewa?"

"Naelewa. Naomba jambo moja. Mama yake nimwambie mimi, kabla hajaitwa."

Alimkuta fundi akipiga pasi suruali za sare. Hakuketi. Alisema yote akiwa amesimama mlangoni, kuanzia spiriti mpaka ufunguo mpaka kadi, bila kujitetea, na pasi ikaachwa juu ya kitambaa mpaka harufu ya kuungua ikajaa chumba. Fundi aliiondoa pole pole, akaisimamisha.

"Zile siku tatu," alisema. "Uliponiogesha. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikawa nakushukuru."

"Ndiyo."

Fundi hakulia wala hakumtukana. Alimsogelea, akamshika mabega kama anayetaka kumkumbatia, akamgeuza, akamtoa nje. Sista akasikia komeo.

Kliniki ilifungwa wiki ileile. Mzee alichukuliwa na binti yake, akakaa kwenye kiti cha ukumbini akiwaambia pole wote wanaopita. Daktari mwingine hakuja. Wagonjwa wakawa wanasafiri nusu siku kufika hospitali, na mwezi wa tatu yule mzee wa kisukari na mke mkali alikata roho njiani. Mtaani watu hawakumlaumu Sista kwa kuficha. Walimlaumu kwa kusema. Amemuuza mzee wa watu, walisema. Mtoto alishakwenda, angerudi? Muuza duka alimhudumia akiwa ameangalia pembeni.

Shauri lake lilisikilizwa mbele ya baraza la wauguzi, watu watano nyuma ya meza ndefu. Fundi aliitwa kutoa ushahidi. Alikuja amevaa gauni aliloshona mwenyewe, akakataa kiti.

"Kuhusu daktari sina neno, yule ni mgonjwa," alisema. "Kuhusu huyu, alinidanganya miezi minane, akala chakula changu cha matanga. Kisha akaja kuniambia kwa mdomo wake, na hakuna aliyemlazimisha. Msiniulize nimsamehe au nisimsamehe. Mimi nimekuja kuomba ile kadi yenye wino mwekundu. Ina uzito wa mwanangu tangu alipozaliwa, na mwandiko wake ni wa kweli."

Mwenyekiti alimjibu kwamba kadi ni kielelezo, haiwezi kutolewa. Fundi alisema amesikia. Akatoka, akapita karibu na Sista bila kumwangalia.

Sista alifutwa katika orodha ya wauguzi, na faili lake likapelekwa polisi. Aliporudi nyumbani alikuta mwanamke jirani amekaa kibarazani na mtoto anayeharisha, amemngoja tangu asubuhi. Alimwambia hana ruhusa tena ya kutibu. Mwanamke akaendelea kukaa, mtoto mapajani, kama hakusikia.