Zulia Litaondoka na Samaki Wake

...na mpira wa kunyonyea maji lazima uuzibe kwa kidole gumba mpaka mdomo wake uingie ndani ya ndoo, ukiachia mapema ni maji kwenye zulia, na maji kwenye zulia ni wiki nzima ya harufu, ndiyo maana nimepiga magoti hapa mbele ya tangi la samaki, chini nailoni, juu ya nailoni taulo kuukuu, juu ya taulo ndoo, na kwenye kiwiko nimejifunga kitambaa, kwa sababu maji hayadondoki vidoleni kama watu wanavyodhani, yanatambaa na mkono mpaka kwenye kiwiko ndipo yadondoke, hilo hakunifundisha mtu... na binti yangu mkubwa amesimama mlangoni na simu ya baba yake. Mama, shangazi anakuja. Lini? Leo, yuko njiani, anakuja na pikapu. Pikapu ya nini? Ya zulia, mama. Zulia gani? Hilo ulilopigia magoti, anasema ni la mama yake na sebule yake mpya iko tupu chini, na baba amesema sawa. Baba yako yuko wapi? Chumbani, ameniambia nije nikwambie mimi. Amesema sawa, halafu amemtuma mtoto, mwanamume mzima na ndevu zake amejificha chumbani, na maji yanashuka tu, meusi, ya kinyesi cha samaki, na mimi nimeshika mpira kama mjinga... sawa, amesema sawa, na alikuwepo, alikuwa ameketi hapo hapo ameshika kikombe cha uji siku mama yake aliposema hili lako, mkamwana, asikudanganye mtu, mama yake ambaye godoro lake tulilitandika juu ya zulia hili kwa sababu sakafu ilimuuma mifupa, mimi nikimgeuza, mimi nikimwosha, na wifi yangu wakati huo yuko wapi, wifi alikuja mara moja na tangi la kioo mikononi, wifi yangu, niwekee kidogo tu, nikipata nyumba nalifuata, mtoto wangu wa mwisho alikuwa bado tumboni na sasa anang'oka meno, tangi lipo, na kila wifi akija anajipepea kwa mkono, jamani wifi, nyumba yako inanuka kama soko la samaki. Samaki wa nani? Nilicheka. Miaka yote nimecheka. Mama, ndoo inajaa, anasema binti. Acha ijae. Kidole tu, nikiutoa mpira nikauelekeza pembeni, nikavuta nailoni, zulia litakunywa taratibu, juu halitaonekana kitu, maji yanakaa chini kwenye nyuzi, nalikunja likiwa bichi, naliweka kwenye pikapu kwa mikono yangu miwili na tabasamu, nenda salama wifi, na likishatandikwa kwenye hiyo sebule mpya litaota ukungu, wageni watakunja pua, ajipepee vizuri sasa, ajipepee mpaka mkono uchoke... nimeshavuta nailoni, pembe moja, ninaona ua jekundu la zulia, kavu, safi kama siku lilipoingia, na ni mimi niliyeliweka kavu, si yeye, si kaka yake, halafu watasema nini, watasema ana roho mbaya, ameharibu kumbukumbu ya marehemu, na mimi nitakuwa sina la kujibu, na isitoshe zulia halijanikosea kitu. Mama! Nimesikia. Narudisha nailoni, naziba mpira. Nenda kamwambie baba yako atoke huko chumbani, alete ile ndoo kubwa, awatoe samaki, shangazi yako anachukua vyote. Lakini shangazi amesema samaki wabaki, ati tumewazoea. Wewe umewazoea? Mimi? Wananikera, wanatukodolea macho tukila. Basi, vinaondoka pamoja, zulia kavu na tangi juu yake, haki yake yote, atandike na aweke, na asubuhi awe anapiga magoti yeye... na pale juu ya kabati pampu ya hewa inanguruma, iko juu kwa sababu niliwahi kuiweka chini, umeme ukakatika, maji yakarudi yenyewe kwenye kamrija ka hewa, yakashuka kimya kimya mpaka sakafuni, nikaamka nikakanyaga maji, pampu lazima ikae juu kuliko maji, kitu kidogo, mtu akikwambia unakishika mara moja, mtu asipokwambia... Wifi huyu, ameingia na manukato yake, dereva nyuma yake, eh wifi, mbona samaki wako kwenye ndoo? Wanasafiri, wifi. Anacheka, anamtazama kaka yake, kaka yake anatazama soksi zake, mama watoto, anasema, si tulisema samaki... Mlisema, baba watoto, mimi sikuwepo. Karibuni chakula. Ninapakua, wifi nampa paja la kuku, asije akasema, dereva, mume wangu, mkubwa, mdogo njoo huku usimwagie mtu, sahani ya mwisho yangu, wote wapo, na wifi anatafuna huku anapima kwa macho, hii pampu nitaiweka sakafuni nyuma ya kochi, ile ngurumo nisiisikie, au siyo wifi? Na mume wangu ananigeukia, pole pole, maana kitu fulani kakiona usoni mwangu, mama watoto, kuna jambo la kumwambia dada kuhusu hiyo pampu? Ninamtazama, yule aliyeshika kikombe cha uji akasikia kila neno la mama yake, kisha leo akasema sawa. Hakuna, nasema, kuleni, kitapoa.