Komamanga la Mkaza Mwana

Tao Suqin alichonga vito vya jade, jiwe la kijani, miaka arobaini hapa mtaani kwetu Suzhou, na kila bibi harusi alitaka kidani cha komamanga kutoka mkononi mwake. Komamanga lina punje nyingi. Anayelivaa hujaliwa watoto. Mimi mwenyewe nilivaa lake, nikazaa watatu.

Mwanawe alipooa, Suqin alimchongea mkaza mwanawe, Ruolan, komamanga lililopasuka ubavuni, punje zikichungulia. Mimba ya kwanza ikatoka. Suqin akaongeza popo wawili pembeni, maana popo kwetu ni baraka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ilifika miezi saba. Mtoto akazaliwa kimya, wa kike, ana nywele tele.

Mwezi haukuisha, mume akafungasha akaenda Wuxi kwa mwanamke mwingine. Miezi ikapita, kisha akampigia mama yake simu. Masikio ya Suqin yalikuwa yameharibiwa na mashine ya kusagia mawe, kwa hiyo sauti ya simu yake aliipandisha hadi mwisho. Majirani tuliokuwa karakanani mwake sote tulisikia, hata Ruolan aliyekuwa mlangoni akiambua maharage mabichi.

"Mama, mwenzangu ana mimba. Tuchongee komamanga."

"Lipo moja shingoni mwa mkeo. Njoo umvue mwenyewe."

"Mama, usianze."

"Mimi nianze? Wewe ndiye uliyemaliza!" Akakata simu.

Ruolan akaweka bakuli chini, akavua uzi shingoni. "Mama, lisage."

"Mwanangu, jiwe zuri hivi?"

"Kila nikioga naziona hizo punje. Lisage libaki bapa. Lisiniombee kitu tena."

Wachongaji wana kipande cha namna hiyo, bapa tupu lisilo na hata mkwaruzo, wanakiita "hakuna neno". Huvaliwa na mtu anayetaka tu asipatwe na jambo. Suqin alizoea kukidharau, kazi ya wavivu. Siku hiyo aliketi akasaga punje moja moja, maji meupe yakimchuruzika vidoleni. Zilipobaki chache alizima mashine, akaangua kilio ambacho hakukilia siku ile ya kumpoteza mtoto. Ruolan akamfuta mikono, akaketi mahali pake, akamalizia.

Wazazi wa Ruolan walikuja kumchukua. Hakwenda.

Suqin alifariki majira ya baridi yaliyofuata, mapafu yamejaa vumbi la mawe. Mwanawe alifika siku ya pili ya msiba, akamkuta Ruolan amevaa vazi la gunia la mfiwa, amepiga magoti mbele ya jeneza, mahali pa mtoto wa marehemu.

"Mimi nikae wapi?" akauliza.

Tuliendelea kuchoma ubani.