Nafasi Moja kwenye Benchi ya Nyuma

Mama Agnès alikuwa akisonga bukari uani kwake, mtaani Kasulo, watafiti walipobisha hodi. Walikuwa wawili, kutoka chuo kikuu kimoja cha Lubumbashi, viatu vyao vyeupe vimeshakuwa vyekundu kwa udongo. Mkubwa wao, Madame Tshiamala, alieleza kwamba wanachunguza habari za watoto wenye ulemavu, shule zinazopaswa kuwapokea watoto wote, na familia za kila namna. Mama Agnès akawapa ndoo mbili wazipindue wakalie. Kiti cha magurudumu kilikuwapo, kililetwa na watu wa msaada, ila kuku alikuwa akiatamia ndani yake. Kiti kizuri, lakini Kasulo watu wamechimba kobalti mpaka katikati ya njia, na gurudumu halijui kuruka.

Binti yake, Jémima, alikuwa amelala kifudifudi mkekani na kipande cha makaa mkononi. Miguu yake haikuwahi kumbeba tangu azaliwe. Kusoma alijifunza kwa karatasi za daftari kuukuu ambazo wauzaji hufungia karanga, kwa hiyo alizijua hesabu nyingi pamoja na makosa ya wenyewe, akawa anawasahihishia.

"Munaishi bangapi hapa?" Madame Tshiamala aliuliza.

"Batatu. Mi, mutoto, na bwana yangu."

"Bwana eko wapi?"

"Eko kwa kazi, chini." Mama Agnès alinyoosha mwiko kuelekea sebuleni, kwenye mbao zilizofunika shimo. "Atapanda sasa hivi."

Baudouin alikuwa amechimba chini ya sebule yake mwenyewe, kama majirani, na masika moja udongo ukamwangukia. Walimtafuta mpaka mikono ikachoka, kisha wakaziba shimo. Tangu hapo alikuwa akipanda magharibi kula, na kushuka tena kabla hakujacha. Jioni ile pia alisogeza mbao, akatoka, akawapa watafiti mkono, akaomba radhi kwa vumbi.

Madame Tshiamala alifikiri kidogo, kisha akauliza kama baba hurudi nyumbani kila siku.

"Kila siku," alisema Mama Agnès.

Waume walio hai wa Kasulo wanaoweza kusemewa hivyo si wengi. Madame Tshiamala akasema basi, kwa utafiti wao, hii ni familia ya wazazi wawili.

"Na nini inamuzuia mutoto kuenda masomo?"

"Njia, mama. Amekuwa mukubwa, mugongo yangu imekatala."

Baudouin alimeza tonge lake. "Mi nitamubeba. Mufu hachoki. Na mashimo yote nayajua."

Wafu wenzake huko chini walimruhusu kupanda mchana. Kule, alisema, hawasumbui watu kama huku juu.

Ukutani pa shule palikuwa pamechorwa maneno: SHULE YA WATOTO WOTE. Siku ya mkutano wa wazazi, Baudouin aliingia na Jémima mgongoni, Mama Agnès nyuma yao amevaa kitenge chake cha kanisani. Wazazi waliinuka kumsalimia.

"Tata Baudouin! Karibu. Huko chini namna gani?"

"Iko baridi."

Mzee mmoja alimwuliza kama amekutana na ndugu yake Kabeya, na Baudouin akaahidi kumwulizia. Akaletewa kiti. Ndipo direkta wa shule, Tata Mukalay, aliposema kwamba kuna habari ya mtoto.

"Tata Baudouin hana shida, tunamuzoea," alisema mama mmoja, ambaye mwanawe Princesse alikuwa darasa ambalo Jémima angeingia. "Lakini mutoto wa vile? Mwalimu ni mumoja. Nani atamupeleka kwa choo? Na betu batakuwa banamuangalia yeye, si ubao."

"Kwa choo nitamupeleka mi. Nitabaki naye," alisema Baudouin.

"Sasa munaomba nafasi mbili?"

Tata Mukalay hakuwa mtu mbaya. Alikuna kidevu, akakumbuka kwamba benchi ya nyuma ina nafasi moja, na uso ukamng'aa.

"Tata, weye uliachaka masomo mwaka wa tatu. Kaa weye. Utasikiliza, kisha utamurudilia mutoto masomo nyumbani."

Ukumbi wote ukapiga makofi. Jémima hakupiga, maana mikono yake ilikuwa imeshika shingo ya baba yake.

Mama Agnès alitaka kusema kwamba nafasi ni ileile moja, na kwamba mtoto ana makalio madogo kuliko babake. Lakini walikuwa wameshafumba macho kwa sala ya kufunga.

Basi Baudouin akasoma. Aliketi benchi ya nyuma magoti yakimfika kidevuni, na watoto wakazoea kupangusa vumbi lake kwenye madaftari. Kugawanya hakukumwingia. Alipokuwa hai hakukujua, na kufa hakukumwongezea kitu. Kila magharibi alileta hesabu kichwani, Jémima akazifanya kwa makaa sakafuni, na asubuhi baba akarudisha majibu shuleni.

Siku ya kutangaza matokeo alikuwa wa kwanza. Wakammwagia poda nyeupe kichwani, kama wanavyofanyiwa wote waliofaulu, naye akarudi nyumbani mweupe mpaka kwenye kope. Watafiti walikuja kumpiga picha. Madame Tshiamala alimshika Mama Agnès mikono yote miwili kwa furaha ya kweli.

"Unaona, mama? Sasa kwa hii nyumba iko mwanafunzi."

"Iko," alisema Mama Agnès.

Walipoondoka, Jémima alimvuta baba yake karibu, akaanza kumpangusa poda masikioni kwa ncha ya kanga.

"Mwaka unakuya batafundisha nini?"

"Sehemu. Nusu, robo, ile bitu. Direkta anasema iko nguvu sana." Baudouin aliinamisha kichwa ili afikiwe sikio la pili. "Mi naogopa, mama."

"Usiogope, tata," alisema Jémima. "Mi niko hapa tu."