Tisa kwa Mia na Goti la Mama Allan

Mjukuu wangu Huda, anayefanya kazi ofisi za Posta, alikuja dukani kwangu Kariakoo Jumamosi moja akiwa na bahasha. Ukiona mtoto anamletea bibi yake bahasha badala ya halua, ujue kuna jambo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hiyo inaliwa?"

Akacheka, akatandaza karatasi juu ya gunia la iliki. Benki yangu inanipa tatu kwa mia. Kuna nyingine inatoa tisa, na faida wanakulipa yote siku unayofungua akaunti. Sharti moja tu: pesa yenyewe inakaa kifungoni mwaka mzima, huigusi.

"Ila wewe unazitaka pesa zako mwezi wa Rajabu, uende Umra," akasema Huda. "Na riba huli. Nimekuonyesha tu, usije ukasema nilikuficha."

Kweli, riba sili. Miaka kumi na moja sasa, benki ikiniingizia faida naitoa yote, naipeleka kibanda cha pili kwa Mama Allan. Jina lake Winifrida, Mchaga wa Rombo, muuza ndizi. Kwangu mimi ni haramu, kwake ni sukari na gesi. Huwa ananyoosha kiganja na kusema, "Lete dhambi zako nizibebe, Bi Mauza. Mbona mwaka huu nyepesi?"

Lakini mwaka huu goti limemgomea. Daktari kamwandikia sindano, na bei yake Mama Allan anaitamka kwa kunong'ona, kama tusi. Wiki ile aliniambia, huku anapanga ndizi amekaa, kwamba asipopona mpaka Krismasi atarudi Rombo kwa kaka yake, moja kwa moja.

"Na mimi nitagombana na nani?" nikamuuliza.

Akaendelea kupanga ndizi zake. Mama Allan kuacha ugomvi umpite! Nilirudi dukani nikapima mdalasini wa mteja mara tatu, mara zote ukazidi.

Bahasha ya Huda nililala nayo siku nne chini ya mto. Nina miaka sabini na mbili. Mwaka kwangu si kitu cha kuazima kwa jirani, kama chumvi. Na Maka nimeiota tangu nina meno yote. Shehe sikumuuliza. Nilijua atakachosema, na mtu mzima haulizi swali ambalo jibu lake litamzuia.

Jumatano nikampigia Huda. "Nipeleke huko kwenye tisa."

"Bibi! Na Umra?"

"Wewe nipeleke. Na ukimwambia mama yako, urithi wako ni huu mzani mbovu."

Tukaenda, nikatia sahihi yangu ya darasa la nne, pesa ikafungwa. Jioni nikamwekea Mama Allan mapajani mfuko wa iliki, ndani yake ile faida yote. Akachungulia, akaufunga, akachungulia tena.

"Bi Mauza, dhambi gani hizi? Umeua mtu?"

"Mwaka huu nimekosa sana."

"Na safari yako?"

"Wameahirisha."

"Nani kaahirisha? Waarabu?"

"Ndugu zangu hao, nawajua. Hawatabiriki."

"Wee! Unadanganya na tasbihi mkononi!"

Nikaificha tasbihi ndani ya buibui. Akatazama mfuko, akanitazama mimi, na nikaona ameshapiga hesabu yote, maana huyu mwanamke hata ndizi iliyooza hajawahi kuikosea bei. Akajifuta macho kwa pindo la khanga.

"Utaikosa Maka kwa ajili ya goti?"

"Maka haihami, Mama Allan. Anayetaka kuhama ni wewe."

Akachagua chane ya ndizi mbivu, ile nzuri ya juu anayowawekea wateja wa magari, akanipakatisha kama mtoto.

"Mwakani nitakusindikiza uwanja wa ndege," akasema. "Kwa miguu."

"Usinitie aibu. Panda gari kama watu. Hilo goti sasa hivi ni letu wawili, usilichoshe."